Ila Iliyofichwa katika Kitu Kiuzwacho

Auzaye kitu hutoa mambo mawili: kitu chenyewe na habari zake. Mchuuzi wa samaki akiulizwa samaki wamevuliwa lini, na mwenye mbuzi akiulizwa mbuzi ana umri gani, hapana ashangazwaye na swali, maana bei inayotakiwa ni ya samaki pamoja na usiku waliolala, na ya mbuzi pamoja na miaka yake. Muuzaji atoaye kitu akazizuia habari zake hupokea bei nzima kwa nusu ya mali. Jambo hili ni wazi katika vitu vidogo. Katika vitu vikubwa limekuwa gumu, na katika motokaa iliyokwisha kutumika limekuwa gumu kupita kiasi, hata watu wenye akili njema hushindana juu yake. Ila iliyomo ndani ya motokaa, ambayo jicho haliwezi kuiona, ni ya nani? Ni ya muuzaji aliyeijua, ama ni ya mnunuzi aliyelipa bila ya kuijua?

Yafaa swali hili litazamwe kutoka mahali palipo mbali na yadi za magari. Mbekenyera ni kata ya wilaya ya Ruangwa katika mkoa wa Lindi, nchi ya Wamwera na jirani zao, ambako fedha huja kwa majira kama mvua. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Korosho huanza kuuzwa mwezi wa Oktoba. Kwa utaratibu wa stakabadhi za ghala, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005, mkulima hupeleka magunia yake katika chama cha msingi, yakapimwa uzito, yakatazamwa unyevu na takataka, korosho zikapangwa madaraja, kisha mali ikawekwa ghalani na kunadiwa mbele ya watu. Aliyetia mchanga katika ufuta akigundulika hurudi na gunia lake, na aibu juu. Basi mkulima wa Mbekenyera ni muuzaji ambaye ila za mali yake hutafutwa na kutajwa kabla ya senti moja kumfikia mkononi.

Fedha hiyo hiyo, iliyochumwa kwa mali iliyochunguzwa namna hiyo, huondoka naye kwenda Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, kununua motokaa ya kubebea abiria na mizigo kati ya kijiji na Ruangwa mjini. Huko hapana mizani ya chama wala mpima unyevu. Ukaguzi wa Shirika la Viwango kwa motokaa zinazoingia nchini ni jambo jema, lakini hueleza hali ya motokaa siku ilipokaguliwa. Hauna neno la kusema juu ya ile iliyokwisha kutembea nchini miaka sita ikipita mikono mitatu. Yadini motokaa zimepangwa mstari, zimeoshwa na kung'arishwa. Injini imefutwa hata haina tone la oili. Yamkini kibao cha kilomita kimerudishwa nyuma, na waya wa taa ya kuonya umekatwa, na oili nzito imemiminwa ndani ya injini iliyochoka ili inyamaze kwa siku mbili tatu. Si wenye yadi wote wafanyao hivyo; lakini mnunuzi hana njia ya kuwatambua wasiofanya, na huo ni msiba wa wenye yadi waaminifu pia, maana uaminifu wao hauonekani kwa macho, na kwa hiyo haulipwi.

Msemo wa Kilatini uliopendwa na mahakimu wa Uingereza humtaka mnunuzi ajihadhari. Msemo huo ulifaa sokoni, ambako mtu aliweza kufungua kinywa cha punda akahesabu meno. Ulizaliwa kwa ajili ya vitu vinavyoonekana na watu wenye ujuzi sawa. Motokaa haina kinywa cha namna hiyo. Kulitambua hilo, sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo ndiyo mama wa sheria ya Tanganyika ya mwaka 1931 ambayo hata leo imo katika vitabu vya Tanzania kama Sura ya 214, ilimpa mnunuzi ngao mbili. Ya kwanza ni hii: mnunuzi akimjulisha mfanyabiashara kazi anayoitakia mali, kwa namna ya kuonyesha kuwa anategemea ujuzi wake, mali itakayotolewa ni sharti iifae kazi hiyo. Ya pili: mali inunuliwayo kwa maelezo yake, kutoka kwa mtu afanyaye biashara ya mali ya namna hiyo, ni sharti iwe na ubora wa kuuzika. Masharti haya hayahitaji kuandikwa wala kutamkwa. Yamo ndani ya mapatano kama chumvi ilivyo ndani ya maji ya bahari.

Walakini kila ngao ina tundu. Ya kwanza haimfai mtu aingiaye yadini akataja jina la motokaa aitakayo, asiseme neno juu ya kazi yake. Mkulima asemaye kuwa anataka gari la kupanda vilima vya Ruangwa likiwa limejaa magunia amejiwekea haki. Asemaye tu kuwa anataka ile nyeupe amejinyima. Tundu la pili ni la ajabu zaidi. Mnunuzi aliyekagua mali hawezi kulalamika juu ya ila ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Mwaka 1919 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la wanunuzi wa gundi iliyokuwa ndani ya mapipa. Walipewa nafasi yote ya kuikagua, lakini kwa kuwa walikuwa na haraka walitazama mapipa kwa nje tu. Gundi ilikuwa mbovu, wakashindwa shauri, kwa sababu wangalifungua mapipa wangaliona. Wafuasi wa neno kwa neno la sheria wamelaumu hukumu hiyo, lakini somo lake kwa mnunuzi wa motokaa ni kali: asiyetazama kabisa angali na ngao yake, na azungukaye motokaa mara moja akipigapiga matairi kwa mguu yamkini ameitupa. Kwa hiyo mtu akitazama, na atazame pamoja na fundi, boneti likiwa wazi na motokaa ikiwa juu ya shimo la gereji. Kutazama nusu ni hasara kuliko kutotazama.

Sheria inasema hayo. Lakini swali la ila ni ya nani lina umri mkubwa kuliko sheria ya 1893. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, ameleta ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, kwa mifano miwili. Katika wa kwanza, mfanyabiashara amefikisha nafaka katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kuwa majahazi mengine yaliyojaa nafaka yako njiani. Je, awaambie watu, bei ishuke? Katika wa pili, mtu anauza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kuwa imeoza mbao zake na nyoka huonekana vyumbani. Je, amwambie mnunuzi? Antipater alisema aseme katika yote mawili. Diogenes alisema asiseme katika lolote, mradi asiwe ametamka uongo; maana ni muuzaji gani awekaye mpiga mbiu atangaze kuwa nyumba yake ni mbovu? Cicero mwenyewe alikuwa upande wa kusema.

Huenda wote watatu waliunganisha mambo ambayo yangefaa kutenganishwa. Habari za majahazi ziko nje ya nafaka. Mfanyabiashara amezipata kwa safari na kwa bidii yake, na nafaka anayouza ni nafaka kweli, aliyeila atashiba. Habari za mbao zilizooza zimo ndani ya nyumba yenyewe. Ni sehemu ya nyumba kama mlango na dirisha, na aziuzaye mbao pasipo uozo wake ameuza kitu ambacho hanacho. Ndivyo ilivyo katika yadi. Mwenye yadi anayejua kuwa mwezi ujao meli italeta motokaa nyingi za rahisi hana deni la kumwambia mkulima habari hiyo. Ujuzi wa soko ni jasho lake. Lakini anayejua kuwa silinda hedi ina ufa hawezi kuuita ufa huo ujuzi wake. Ufa ni sehemu ya motokaa. Angali anao mpaka autaje, na hauwezi kuhama kwenda kwa mwingine kwa njia ya kimya.

Katika Pwani mafundisho haya si mageni. Imepokewa katika Hadithi kuwa Mtume alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema kuwa mvua imeilowesha. Akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone. Yafaa kuangalia kuwa muuzaji yule hakushutumiwa kwa mvua. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa lile tabaka kavu la juu. Mafakihi wakajenga juu ya msingi huo hiari ya mnunuzi kurudisha kitu chenye ila aliyokuwa haijui. Wenye sheria wa Roma nao walikuwa wamewalazimisha wauzaji wa sokoni kutaja ila za watumwa na wanyama waliouza. Ni jambo la kusikitisha, na halifai kupitwa kimya katika nchi iliyo nyuma ya Kilwa, kwamba wanasheria wa kale walijifunza adabu ya kusema kweli juu ya bidhaa wakati bidhaa yenyewe ilikuwa mwanadamu. Walilinda fedha ya mnunuzi kwa uangalifu mkubwa, wala hapana aliyemwuliza yule aliyesimama juu ya jukwaa.

Mtu atasema: na muuzaji asiyejua je? Mwenye yadi hununua motokaa nyingi, hakuishi nazo, na huenda ufa ni mgeni kwake kama ulivyo mgeni kwa mkulima. Hoja hii ni ya haki, na sheria imeijibu kwa njia ambayo dhamiri inaweza kuikubali. Katika shauri la Uingereza la mwaka 1975, mtu alinunua kwa mfanyabiashara motokaa aina ya Jaguar iliyokuwa imekwisha kutembea maili 82,165. Baada ya wiki tatu na maili 2,300 injini ilikufa. Mmiliki wa awali alitoa ushahidi kuwa injini ilikuwa imechakaa siku ilipouzwa, na mahakama ikamhukumu mfanyabiashara alipe, kwa kuwa motokaa haikufaa kwa kazi ya kwenda barabarani. Hapakuwa na haja ya kuthibitisha kuwa alidanganya. Afanyaye biashara ya kitu huchukua faida ya kitu, na pamoja na faida huchukua bahati mbaya yake. Tena asiyejua kwa sababu hakutaka kujua, aliyemkataza fundi asifungue kitu ili apate kuapa kuwa hajui, hana ujinga. Ana hila ya subira.

Lakini haki ina pande mbili, na shauri la mwaka 1965 lililoamuliwa mbele ya Lord Denning linastahili kukumbukwa na kila mnunuzi. Nalo lilihusu Jaguar iliyotumika. Muuzaji alimwambia mnunuzi waziwazi kuwa klachi ina kasoro; mnunuzi akachagua kupunguziwa bei, akaichukua. Matengenezo yalipogharimu zaidi ya ilivyodhaniwa alishtaki, akashindwa. Motokaa kuukuu si mpya, ilisemwa, na ila iliyotajwa na kulipiwa katika bei imekwisha kuhama. Huyu hakudhulumiwa. Alinunua motokaa pamoja na habari zake.

Hatari kubwa zaidi ni ya karatasi. Wauzaji wengi huandika katika hati kuwa motokaa imeuzwa kama ilivyo, na mnunuzi hutia sahihi akidhani ni desturi. Sheria ya zamani ya mauzo inaruhusu watu kuyaondoa masharti yake kwa mapatano ya wazi, na maneno hayo matatu yanaweza kumwacha mkulima uchi. Hata hivyo hayana nguvu isiyo na mpaka. Mwaka 1956, katika shauri la Karsales dhidi ya Wallis, mtu alikuwa ameona Buick iliyotumika ikiwa nzuri, akapatana. Ikaletwa kwake usiku ikivutwa kwa kamba, matairi yake mapya yamebadilishwa, silinda hedi imefunguliwa, vali zimeungua, wala haikuweza kwenda kwa nguvu yake yenyewe. Hati ilisema hapana ahadi yoyote juu ya hali ya motokaa. Mahakama ilikataa kumsikiliza muuzaji: kilicholetwa si kile kilichopatanwa. Mahakimu wa baadaye walisahihisha sababu za hukumu ile, wakasema neno la mwisho ni kuyafasiri maneno ya hati yenyewe, lakini maana yake kwa dhamiri haijafutika. Maneno ya kama ilivyo humwondolea deni asiyejua. Kwa anayejua, ni pazia tu.

Isidhaniwe kuwa kununua vibovu ni msiba wa wanyonge na wasiosoma. Jirani ya Mbekenyera, Nachingwea, iliona mfano mkubwa wa mambo haya. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea. Trekta mpya hazikupatikana upesi baada ya vita, basi wakanunua mashine zilizotumika na majeshi, nyingine kutoka mbali kama Ufilipino. Zilipofika nyingi ziliharibika mara moja, vipuri vyake havikupatikana, na mnamo mwaka ule ule sehemu kubwa ya trekta zilikuwa zimelala. Mpango ulikomeshwa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, udongo na mvua zikiwa miongoni mwake. Lakini mnunuzi yule alikuwa na wahandisi, na mawakili, na hazina ya dola, na bado alinunua uchakavu wa wengine kwa sababu alikuwa na haraka. Mkulima mwenye fedha ya msimu naye ana haraka. Anajua kuwa akikaa nayo miezi miwili ndugu na shida zitaigawana.

Sasa mkulima amerudi, na motokaa imeanza kuchemsha katika kilima cha pili. Haki zake ni zipi? Akiwahi, anaweza kuikataa motokaa na kudai fedha yake. Akikaa nayo muda mrefu na kuitumia bila kulalamika, sheria huhesabu kuwa ameikubali, na hubaki na dai la fidia tu. Ikiwa alidanganywa, sheria ya mikataba humpa uwezo wa kuyatengua mapatano, na sheria ya ushindani ya mwaka 2003, iliyo chini ya Tume ya Ushindani, imekataza wafanyabiashara kuwapotosha wanunuzi. Jambo la kufanya siku ile ile ni kuisimamisha motokaa, kumwita fundi aandike alichokiona, na kumpelekea muuzaji taarifa yenye tarehe.

Lakini haki hizi zote zina kasoro moja isiyoandikwa, nayo ni barabara. Kwa kanuni ya mashauri ya madai, kesi hufunguliwa mahali mdaiwa anapokaa au kufanya kazi, ama mahali sababu ya madai ilipotokea. Mdaiwa yuko Dar es Salaam, na mapatano yalifanyika Dar es Salaam. Nauli, malazi, na siku za kesi zinazoahirishwa, zikijumlishwa huikaribia bei ya injini nyingine. Muuzaji anaijua hesabu hii vizuri kuliko mkulima. Haki ambayo gharama ya kuidai ni sawa na thamani yake ni haki ya watu wa mjini. Kwa sababu hii jambo la kujihadhari lisilo na mahakama lina faida kuliko ushindi: sehemu ya fedha ibaki mkononi mpaka motokaa ifike Ruangwa, na sharti hilo liandikwe katika hati. Muuzaji akikataa sharti hilo, amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Wengi hawakufanya hivyo, na hawataenda mahakamani. Watafanya lililo rahisi zaidi: kuiosha motokaa, kumimina oili nzito, na kungoja korosho za jirani ziuzwe. Hapa ndipo swali la kwanza linaporudi likiwa na sura nyingine. Chukua kuwa motokaa ilinunuliwa shilingi milioni 12, na kwa ufa wake thamani yake ni milioni 7. Mkulima akiutaja ufa, milioni tano zimemfia mkononi. Akinyamaza, zitamfia mtu wa kitongoji cha pili. Sheria ya mauzo inamwangalia huyu kwa upole, maana yeye si mfanyabiashara wa magari, na sharti la ubora wa kuuzika halimfungi. Alidhulumiwa kweli, lakini aliyemdhulumu yuko Dar es Salaam, na anayetaka kumlipisha yuko Mbekenyera. Tangu siku motokaa ilipochemsha, yeye ndiye aijuaye ila.

Sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika mpaka mwaka 1961, ilitoa mifano ya farasi mgonjwa juu ya jambo hili. Amwuzaye mtu baki mnadani farasi anayejua kuwa ni mgonjwa, akanyamaza, hakufanya hadaa. Lakini mnunuzi akiwa ni binti yake aliyetoka utotoni juzi, ujamaa wao unamlazimu baba aseme. Katika Mbekenyera si rahisi kumpata mtu baki kabisa. Huyu ni mjomba kwa upande mmoja, yule ni mtani, wa tatu alimzika naye mama yake. Na mfano mwingine wa sheria ile ni wa mnunuzi amwambiaye muuzaji kwamba asipokanusha, yeye atashika kuwa farasi ni mzima. Muuzaji akinyamaza hapo, kimya chake kimehesabiwa kuwa neno. Jirani ajaye kuitazama motokaa hahitaji kuijua sheria ya India. Atauliza tu, akiwa ameweka mkono juu ya boneti, “Kaka, gari zima hili?”